Mkono Ulikuwa wa Mama

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa nane, mjini Bungoma, nilipopewa kipaza sauti mbele ya watu wengi kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Leo nina sitini na mitatu, magoti yananiuma nikipanda ngazi za kanisa letu hapa Kitale, na bado nikiona kijana anapokea kipaza sauti kwa furaha, humwombea kabla hajafungua mdomo. Keti, mwanangu. Sitakwenda haraka. Nimechoka, na mtu aliyechoka akiyakimbiza maneno huyaangusha njiani.

Nilizaliwa Tongaren, kwenye shamba la mahindi. Sote tulikuwa watu wa kanisa isipokuwa Baba. Mama alitupeleka Sande skuli tangu tukiwa wadogo, na nilipofika kidato cha pili nikaokoka. Hakuna aliyeshangaa. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama kwamba nimempokea Bwana, akasema, "Ni vizuri. Sasa nenda uteke maji." Nikaenda nikateka.

Baadaye nilikuja Kitale kusomea ushonaji, nikajiunga na ushirika wa vijana. Tulikutana kila Ijumaa baada ya masomo. Huko ndiko nilikojifunza kuona haya kwa sababu ya maisha yangu ya kawaida. Vijana walisimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda. Huyu alikuwa mwizi, yule alikuwa amezunguka kwa waganga, mwingine alikuwa amefungwa jela miezi sita. Watu walipiga makofi, wengine walilia. Na mimi nilikuwa na nini? Nilikuwa nimeiba sukari mara mbili jikoni kwa Mama. Usicheke sana, mwanangu, maana wewe pia nakujua. Kijana aliyelelewa kanisani hufika mahali akatamani angalau angekuwa ameanguka kidogo, ili apate jambo la kusimulia.

Kiongozi wetu wa vijana aliniambia siku moja, "Dada Rodah, mwezi wa nane tunaenda Bungoma. Ni mkutano mkubwa. Wewe utatoa ushuhuda. Tafuta kitu chenye nguvu."

Nilitafuta wiki tatu. Katika maisha yangu mwenyewe sikuona kitu, basi nikaenda kukichukua katika maisha ya watu wengine.

Baba yangu alikuwa mlevi. Hilo kijiji kizima kilijua. Ambalo hawakujua ni hili. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Baba alirudi mchana kutoka kunywa pombe ya busaa akakuta ng'ombe wamekata kamba na kuingia kwenye maharagwe ya jirani. Mama akamwambia neno, sikulisikia vizuri. Baba akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa ukutani, akampiga nao. Mkono wa kushoto wa Mama ulivunjika kwenye kiwiko. Ulipopona haukunyooka tena. Kwa majirani, Mama alisema ameanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala la mahindi, na sisi watoto tukafundishwa kusema hivyo hivyo. Tulisema hivyo miaka kumi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi ndio tuliokuwa kata.

Basi nikaenda Bungoma na siri hiyo mdomoni. Uwanja ulikuwa karibu na reli, na spika zilikuwa zimefungwa juu ya miti hivi kwamba hata waendesha baiskeli waliokuwa wakingoja abiria nje ya ua walisikia kila neno. Mama alikuwa amekuja na akina mama wa kanisa la kwetu ili anione. Nilimwona mstari wa tatu, amevaa gauni lake la kwenda harusini.

Nikaanza. Sauti yangu ilikuwa ndogo mwanzoni, halafu nikaona watu wamenyamaza, ikapata nguvu. Nilieleza pombe, nikaeleza ng'ombe, nikaeleza mpini. Wanawake wakaanza kujifuta macho. Mwanangu, sijui kama umewahi kuona watu mia kadhaa wakilia kwa sababu ya maneno yako. Ni kitu kitamu kuliko asali, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Nikasema, "Mama yangu yuko hapa leo. Mama, simama."

Mama akasimama.

"Inua mkono wako wauone."

Akauinua hadi pale unapofika, na haufiki mbali. Uwanja ukaitika amina. Halafu akaketi, akavuta leso akaufunika mkono, nami nikaendelea kueleza jinsi Bwana alivyoniponya uchungu. Sikumwangalia tena.

Baada ya mkutano pasta alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Wasichana walinikumbatia. Nilipomtafuta Mama niliambiwa akina mama wa Tongaren wamewahi gari. Sikuwaza lolote.

Nikaalikwa. Kwanza hapa Kitale, halafu Moi's Bridge. Na sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo ninapoona haya hata leo. Kila niliposimulia, habari iliongezeka. Sikukaa chini nikapanga kudanganya. Ila unaona watu hawajalia kama wale wa Bungoma, na ulimi, ambao hauna mfupa, unajinyoosha wenyewe. Moi's Bridge nilifungua mdomo nikasikia nimesema Baba alichukua shoka. Hakuna aliyeniuliza. Nikaongeza kwamba alitufukuza tukalala shambani kwenye mvua. Watu wakalia kweli kweli. Nami nikalala usingizi mzuri.

Mwezi wa kumi na moja nilirudi nyumbani kusaidia kuvuna. Baba alikuwa uani akitia mpini kwenye panga. Alinitazama akasema, "Umefika, Rodah."

Nikakwama pale pale na begi mkononi. Lazima nikueleze kwa nini. Jina langu la nyumbani ni Nasimiyu, nalo ni jina la mama yake Baba. Kwetu, mtoto aliyepewa jina la nyanya yake, baba yake humwita "Mama". Tangu nilipozaliwa Baba hakuwahi kuniita kwa jina lingine. Hata akiwa amelewa hajui mlango uko wapi, aliniita Mama. Siku hiyo nikawa Rodah, kama ninavyoitwa na makarani.

Nikamfuata Mama nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi juu ya gunia akipukuchua mahindi. Kila hindi alilibana kwa ule mkono wa kushoto na kulisugua kwa wa kulia.

"Mama, Baba ana nini?"

Aliendelea kupukuchua. Hindi likaisha, akachukua lingine.

"Alikuwa Bungoma," akasema.

"Lini?"

"Ile siku ulinisimamisha."

Nikaketi chini. Mama alinieleza bila kupandisha sauti, kwa Kibukusu, nami nakupa kwa Kiswahili. Baba alikuwa ameacha pombe mwezi wa kwanza. Hakuwaambia watu, kwa sababu aliwahi kuwaambia mara mbili huko nyuma akashindwa, wakamcheka. Mwezi wa pili alimwita kaka yake mkubwa na mzee wa kijiji, na mbele yao akaomba Mama amsamehe ule mkono. Kwa hiyo walikuwa wameshaliongea, wao wenyewe, sebuleni kwao. Sisi watoto hatukuambiwa. Na Jumapili ile Baba aliomba apigiwe pasi shati lake. Alipanda gari lingine ili akina mama wasimwone, akafika, akasimama nje ya ua pamoja na watu wa baiskeli. Alikuwa amemwambia Mama kwamba pasta akiita wanaotaka kuokoka, ataingia.

"Sasa wewe ukaongea kwanza," Mama akasema.

Kwa ujinga wa miaka ishirini na mmoja, nikajitetea. "Lakini Mama, nilisema ukweli."

"Ulisema."

"Na kuna wamama wengine wanapigwa. Nilitaka wasaidike."

Mama aliweka hindi chini. Hakuwa na hasira, mwanangu. Ningependa angekuwa nayo. Alikuwa amechoka tu, uchovu ambao sikuuelewa mpaka nilipofika umri wake.

"Mkono ni wangu, Nasimiyu. Ulivunjika ukiwa wangu na umebaki kwangu. Hukuniuliza. Ungeniuliza, labda ningesema ndiyo. Labda ningesema mwenyewe. Miaka kumi natafuta mahali pa kuyaweka hayo maneno, na wewe ukayaweka kwa spika."

Akaniambia pia kwamba Baba alirudia pombe wiki tatu baada ya Bungoma, kisha akaacha tena. "Aliacha peke yake," akasema. "Hakuna pasta alikuja." Akachukua hindi lake akaendelea.

Kesho yake asubuhi nilimfuata Baba shambani. Alikuwa akikata mahindi na kuyasimamisha mafungu mafungu yakauke. Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Nilipomfikia yote yakanitoroka, nikasema tu, "Baba, nimekuja unisamehe."

Alikata mabua matatu kabla ya kujibu.

"Uliyosema Bungoma, hayo yalikuwa ya kweli," akasema. "Niliyatenda. Siwezi kukukasirikia kwa sababu umesema nilichotenda, ingawa ungeanza na mimi." Akakata bua lingine. "Lakini nilienda Moi's Bridge kuuza mahindi. Mfanyabiashara mmoja akaniuliza kama ni mimi yule aliyemkata bibi yake kwa shoka. Lilikuwa shoka?"

"Hapana, Baba."

"Kilikuwa nini?"

"Mpini wa jembe."

"Basi sema mpini wa jembe. Wangu unanitosha."

Sina neno la kuongeza hapo. Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na hakuna lililonipiga kama hilo. Nikamwambia tena anisamehe. Akaninyooshea panga la pili lililokuwa chini, akasema, "Shika tumalize mstari huu, mvua isitukute." Tukaumaliza, tukaanza mwingine.

Nilirudi Moi's Bridge kabla ya Krismasi. Nilimwendea pasta wa pale nikamwomba dakika tatu kwenye ibada. Alidhani nina ushuhuda mpya, akafurahi. Nilisimama nikasema kwamba mwezi wa kumi niliwaambia baba yangu alichukua shoka, na si kweli. Kwamba hatukuwahi kulala shambani kwenye mvua. Kwamba nilisema habari za wazazi wangu bila ruhusa yao, na baba yangu alikuwa ameshaacha pombe nilipokuwa nikimtangaza. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyesema amina. Mtu mmoja alikohoa. Pasta alinishukuru kwa sauti ndogo, kisha karani akasoma matangazo ya wiki. Hawakunialika tena, wala wao wala wengine. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu, maana kidole hukifunga kitambaa ukaendelea na safari. Neno likishatoka, utalifuata kijiji hadi kijiji, na kila ufikapo utaambiwa lilipita jana.

Ungependa nikuambie kwamba baada ya hapo Baba aliingia kanisani. Hakuingia. Wazee wa kanisa walimtembelea, akawapa chai, akawasindikiza. Alinunua Biblia ya Kibukusu akawa anaisoma mwenyewe Jumapili asubuhi, Mama na sisi tukiwa tumekwenda ibadani. Tukirudi alimuuliza Mama pasta amesoma wapi, akapatafuta. Hakunywa tena. Aliishi miaka kumi na tisa zaidi, na kwa miaka hiyo yote alinipokea vizuri, alibariki ndoa yangu, alibeba watoto wangu. Ila aliniita Rodah mpaka mwisho. Sikuwahi kumuuliza. Kusamehewa si sawa na kurudishiwa kila ulichovunja, na hilo nalo mtu hujifunza kuishi nalo, asubuhi baada ya asubuhi.

Alipofariki tulimzika nyumbani Tongaren. Mimi ni kifungua mimba, kwa hiyo mfawidhi wa shughuli aliniita niseme kwa niaba ya watoto. Nilikuwa nimeandika karatasi, na karatasi hiyo nilikuwa nimemsomea Mama siku mbili kabla, mstari kwa mstari. Nilisema Baba alilima shamba lile vizuri, kwamba alitusomesha, kwamba alikuwa mtu wa kusema neno likiwa na kipimo chake. Nikaketi. Ndipo Mama, ambaye hakuwa kwenye ratiba, akainuka na kuomba kipaza sauti.

Akasema, "Huyu mtu alinivunja mkono. Mnajua, mlishasikia. Ambayo hamjasikia ni haya. Toka aache pombe, mimi sijakamua nguo tena. Huyu mtu alisema mkono mmoja hauwezi kukamua, na yeye ndiye aliuharibu, kwa hivyo atafua. Alifua nguo zangu miaka kumi na tisa, nyuma ya nyumba, watoto wakiwa shule. Alisema nisiwaambie. Sasa amelala, nimewaambia."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Watu walikaa kimya, kimya ambacho mimi sikuwahi kukipata kwa maneno yangu yote. Nami pale kwenye kiti changu nilielewa kwamba ushuhuda ule ulikuwa ukingoja mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na subira kuliko mimi.

Sasa nikuambie nililokuitia. Wiki iliyopita binti mmoja wa kwaya yetu, wa wale wanaoniita Kukhu kama nyanya yao, alinionyesha simu yake baada ya mazoezi. Amejirekodi akieleza habari za ndoa ya dada yake, machozi yanatiririka, na chini yake watu wanamwandikia amina, amina, ubarikiwe. Nikamuuliza, "Dada yako ameona?" Akasema, "Si atafurahi, Kukhu? Ni kwa utukufu wa Mungu." Nilimshika mkono tukaketi kwenye benchi, nikamweleza haya ninayokueleza wewe. Sijui kama aliifuta ile video. Siku hizi nasema, nasubiri, nakwenda nyumbani kupumzika.

Usinielewe vibaya. Sikuambii unyamaze. Mficha uchi hazai, na nyumba nyingi hapa kwetu zimeoza kwa sababu ya kufunika. Anayepigwa aseme. Ukimwona mtu anaumizwa leo, usingoje ruhusa ya anayemuumiza: mwendee mtu wa kusaidia, awe ni chifu, awe ni daktari, awe ni shangazi mwenye sauti, na msaada ufike. Hilo ni jambo moja. Kuchukua kidonda cha mtu ukakipandisha jukwaani ili wewe upigiwe makofi ni jambo lingine kabisa, hata ukilimalizia kwa jina la Bwana. Kabla hujasema, jiulize kidonda ni cha nani. Kama si chako, muulize mwenyewe. Akikataa, basi umekataliwa.

Na ukisema la kwako, sema lilivyokuwa. Kama ni mpini, usiseme shoka. Mungu hahitaji tumwongezee chumvi.

La mwisho, maana naona jua linaondoka dirishani nami bado sijachemsha chai. Usione haya kwa sababu maisha yako ni ya kawaida. Umeamka, umeomba kwa maneno manne kwa kuwa usingizi ulikuwa bado machoni, umepalilia, umekwenda kazini, umevumilia mtu mgumu, umerudi bila kumdhulumu yeyote. Unadhani hakuna aliyeona. Mimi nilikimbia maisha hayo nikitafuta makubwa, na ilinichukua karibu maisha mazima kurudi kwayo. Kama nikiombwa ushuhuda leo, ningesema nilimaliza mstari wa mahindi na mtu niliyemkosea, basi, nikaketi.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu aulinde mdomo wako ukiwa na furaha, maana ukiwa na huzuni hujilinda wenyewe. Akupe siku nyingi za kawaida na nguvu ya kuzibeba. Na watu wa nyumbani kwako, kila watakaposikia hatua zako zikija mlangoni, wasipate sababu ya kunyamaza. Amina.